Je, Itasimama?

Alan Turing alikuwa mkimbiaji, tena mkimbiaji hasa. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46. Vijana wa Iten, mji wa wakimbiaji, mtacheka, nawajua, lakini mkumbuke kwamba huyu hakuwa akiishi kwa mbio. Alikuwa mtu wa hesabu, na alikimbia ili kichwa kipoe.

Kisa ninachotaka kuwasimulia kilitokea miaka 12 kabla ya marathoni hiyo. Mwanzoni mwa kiangazi cha 1935, Turing, kijana wa Chuo cha King's kule Cambridge, Uingereza, alikimbia hadi karibu na kijiji cha Grantchester, akapumzika, akajilaza majanini. Baadaye alisema mwenyewe kwamba pale alipolala ndipo jawabu lilipomjia. Halikuwa jawabu la kumfurahisha kila mtu. Lilisema: yako maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu, iwe ya leo au ya kesho, iwe na kasi ya namna gani. Na ajabu ni kwamba mwaka huo kompyuta tunazozijua zilikuwa bado hazijatengenezwa. Mipaka yake ilijulikana kabla yake.

Kila kisa kina mzee wake. Wa kisa hiki ni David Hilbert wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwanahisabati aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake. Hilbert aliamini kwamba hesabu haina siri isiyofunguka. Swali likikushinda leo, ongeza bidii, jibu lipo. Mwaka 1928, yeye na Wilhelm Ackermann walichapisha swali kubwa: je, upo utaratibu wa hatua kwa hatua ambao mtu, akiufuata bila kutumia werevu wowote, anaweza kuletewa sentensi yoyote ya hesabu iliyoandikwa kwa lugha ya mantiki, akaamua kama inathibitika au haithibitiki? Tarehe 8 Septemba 1930, akiwa na miaka 68, Hilbert alihutubia katika mji wa Königsberg, kisha akayarudia redioni yale aliyoyaamini: hakuna la kutojulikana milele.

Masikini Hilbert. Siku moja tu kabla, katika mji huohuo, kijana wa miaka 24 aitwaye Kurt Gödel alikuwa ametamka jambo zito katika kikao cha wataalamu. Alisema kwamba ukiweka kanuni za hesabu ya namba, hata uziweke kwa uangalifu gani, madhali hazipingani zenyewe kwa zenyewe, zitabaki sentensi za kweli ambazo kanuni hizo haziwezi kuzithibitisha. Waliokuwapo wengi hawakushtuka. Mwanahisabati John von Neumann ndiye aliyemvuta pembeni baada ya kikao na kumhoji zaidi.

Lakini Gödel alikuwa amegusa suala la kuthibitisha tu. Lile la kuamua lilibaki palepale, mpaka mwaka 1935 mwalimu Max Newman alipolieleza katika mihadhara yake Cambridge. Alisema wanachotafuta ni utaratibu wa kimashine. Mwingine angelichukua neno hilo kama msemo tu. Turing akajiuliza: mashine gani hiyo?

Hapo ndipo ninapompendea. Hakukimbilia nati na gia. Alimtazama mtu anayepiga hesabu, maana siku hizo ofisi ziliajiri watu kwa kazi hiyo, akaondoa kila kisicho cha lazima. Mtu huyo ana karatasi ya miraba. Anatazama mraba mmoja kwa wakati mmoja. Anaandika alama au anaifuta, anasogea mraba mmoja kulia au kushoto, na kichwani anakumbuka yuko kwenye kanuni ipi. Basi. Yaliyobaki ni mapambo.

Msiniamini kwa maneno. Chukueni daftari la hesabu lenye miraba na kiganja kimoja cha punje za mahindi. Chagueni mstari mmoja wa miraba, wekeni kidole kwenye mraba wa katikati. Miraba yote ni mitupu. Kisha andikeni kadi mbili.

Kadi A inasema: mraba ukiwa mtupu, weka punje, sogea kulia, chukua kadi B. Ukiwa na punje, iache, sogea kushoto, chukua kadi B.

Kadi B inasema: mraba ukiwa mtupu, weka punje, sogea kushoto, chukua kadi A. Ukiwa na punje, iache, sogea kulia, simama.

Anzeni na kadi A. Mraba ni mtupu: wekeni punje, kidole kulia, kadi B. Hapo napo ni patupu: punje, kidole kinarudi kushoto, kadi A. Mmekuta punje mliyoiweka mwanzo: iacheni, kushoto, kadi B. Patupu: punje, kushoto, kadi A. Patupu tena: punje, kulia, kadi B. Mmekuta punje: iacheni, kulia, simameni. Mmekwenda hatua 6, na mbele yenu kuna punje 4 zilizopangana mfululizo. Mmeendesha mashine ya Turing.

Sasa badilisheni kidogo. Kwenye kadi A, pale mraba ukiwa mtupu, futeni "chukua kadi B" muandike "baki na kadi A". Anzeni upya. Kidole kinaweka punje kinakwenda kulia, kinaweka punje kinakwenda kulia, na kitaendelea hivyo mpaka gunia liishe na daftari liishe. Mashine hii haitasimama kamwe, na nyinyi mmelijua hilo bila kuhitaji kuisubiri milele. Mlizitazama kadi tu mkaelewa. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

Mnaweza kuona mchezo huu ni mdogo mno kulinganisha na simu ya mkononi. Sivyo. Kila inachofanya programu ya simu, kuanzia kutuma pesa hadi kuchora sura ya mtu kwenye kioo, kinaweza kuvunjwavunjwa kuwa hatua za namna hii. Zitakuwa hatua nyingi za kuchosha, lakini zitafika. Hadi leo hakuna aliyebuni njia ya kukokotoa inayoishinda mashine hii kwa uwezo. Zinazoishinda kwa kasi ni nyingi. Hilo ni jambo jingine.

Turing aliona na la pili. Kadi zenyewe ni maandishi, na maandishi yanaweza kuandikwa kwenye miraba. Kwa hiyo inawezekana kuunda mashine moja ambayo kazi yake ni kusoma kadi za mashine nyingine na kuzitekeleza. Ndiyo maana hamnunui kifaa kimoja cha muziki, kingine cha barua na kingine cha ramani. Mnanunua simu moja, mnaipakulia programu. Aliyaandika hayo katika makala ya mwaka 1936, na kutokana na wazo hilihili ndipo alipofika penye ukuta. Kule Princeton, Marekani, mwanahisabati Alonzo Church alikuwa amefika kwenye ukuta uleule muda mfupi kabla yake, kwa njia tofauti kabisa. Turing alimfuata huko kusoma, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1938.

Ukuta wenyewe ni swali dogo: nikikupa programu, unaweza kuniambia kama itasimama?

Msilidharau. Chukueni namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igaweni kwa 2. Ikiwa witiri, izidisheni kwa 3 halafu mjumlishe 1. Rudieni hivyo, na msimame mkifika 1. Tujaribu 6: inakuwa 3, halafu 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Tumesimama baada ya hatua 8. Sasa jaribuni 27. Itapanda na kushuka, itapanda tena hadi 9,232, na itawachukua hatua 111 kabla ya kutua kwenye 1. Je, kila namba hatimaye hutua? Swali hili hupewa jina la Mjerumani Lothar Collatz, aliyelifikiria miaka ya 1930. Kompyuta zimejaribu namba zote hadi kupita 295,000,000,000,000,000,000, na zote zimetua. Uthibitisho kwamba zote zitatua, namba zisizo na mwisho, hakuna anayejua kuuandika. Programu ya mistari minne, ya kuandikwa na mtoto wa darasa la sita, imewashinda maprofesa.

Namwona mmoja wenu ameinua mkono. Anasema: "Si tuiendeshe tu tuone?" Swali zuri. Ikisimama, umepata jibu. Isiposimama baada ya saa moja, je? Huenda ingesimama dakika inayofuata. Isiposimama baada ya mwaka, huenda kesho. Kuiendesha kunaweza kukupa "ndiyo", lakini "hapana" huipati kwa kungoja. Tunachotaka ni programu yenye akili ya kuzitazama kadi, kama mlivyofanya na zile za mahindi, ikaamua.

Basi tuseme fundi mmoja amekuja anajigamba kwamba ameiandika. Tuiite Mwamuzi. Unampa Mwamuzi maandishi ya programu yoyote pamoja na kitu ambacho programu hiyo itafanyia kazi. Mwamuzi hachoki wala hakosei. Siku zote hurudi na neno moja kati ya mawili: "itasimama" au "haitasimama".

Mimi nami, kwa ukorofi wangu, naandika programu yangu. Naiita Mkaidi. Mkaidi akipewa maandishi ya programu, humwendea Mwamuzi na kumuuliza: "Programu hii ikipewa maandishi yake yenyewe, itasimama?" Hakuna uchawi hapo, programu ya kuhesabu herufi inaweza kupewa faili lake lenyewe ikahesabu herufi zake. Mwamuzi akijibu "itasimama", Mkaidi anaanza kuzunguka, anazunguka bila kukoma. Mwamuzi akijibu "haitasimama", Mkaidi anasimama papo hapo. Kazi ya Mkaidi ni hiyo tu, kufanya kinyume cha alichoambiwa.

Sasa mpeni Mkaidi maandishi ya Mkaidi.

Twendeni polepole. Mkaidi anamuuliza Mwamuzi: "Mkaidi akipewa maandishi ya Mkaidi, atasimama?" Mwamuzi akisema "atasimama", Mkaidi atazunguka milele, basi Mwamuzi amekosea. Akisema "hatasimama", Mkaidi anasimama palepale. Mwamuzi amekosea tena. Hana jibu la tatu. Na sisi tulikubaliana kwamba Mwamuzi hakosei kamwe. Mkaidi hana kosa. Ukiwa na Mwamuzi, kumuunda Mkaidi ni kazi ya dakika tano. Kwa hiyo asiyewezekana ni Mwamuzi. Hayupo, na hatakuwapo. Mwambieni fundi afunge mkoba wake.

Rudieni kuzisoma aya hizo mbili mara mnazotaka, hakuna aibu. Mwingereza Christopher Strachey aliandika mwaka 1965 kwamba Turing alimweleza uthibitisho wa namna hii kwa mdomo mwaka 1953, ndani ya behewa la treni, wakiwa njiani kwenda mkutanoni. Katika makala yake ya 1936 Turing alikuwa ameliuliza swali kwa sura nyingine kidogo, akihoji kama mashine itaendelea kuandika tarakimu bila kukwama. Sura hii ya kusimama na kutosimama ilizoeleka baadaye. Kutoka hapo, jibu la swali la Hilbert likafuata: utaratibu alioutaka haupo.

Watu wazima wengi hupotea hapa, kwa hiyo sikilizeni. Turing hakusema kwamba hatuwezi kujua lolote kuhusu programu yoyote. Mashine yenu ya pili ya mahindi tuliijua mara moja. Alichosema ni kwamba hakuna utaratibu mmoja unaofaa kwa programu zote. Kila utakaouandika, ipo programu itakayoushinda.

Na jambo hili limo mifukoni mwetu. Simu za Android, programu ikiganda kwa sekunde 5 hivi baada ya kuguswa, huuliza kama unataka kusubiri au kuifunga. Simu haijui kama programu imekwama au inamalizia kazi. Inatazama saa tu, halafu inakutupia wewe uamuzi. Mwaka 1953 Henry Rice alipanua jambo lenyewe: si kusimama tu, bali karibu kila swali la maana kuhusu kile ambacho programu hufanya linagonga ukuta uleule. Katika miaka ya 1980 Fred Cohen alionyesha kwamba haiwezekani kuwapo programu ya kukamata kila kirusi cha kompyuta bila kuisingizia hata programu moja safi. Atakayewauzia kinga ya asilimia 100 anawauzia Mwamuzi.

Wanaojua ukuta uko wapi hujenga pembeni yake. Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA, wanakotengeneza vyombo vya anga, alichapisha mwaka 2006 kanuni 10 za kuandika programu za kuaminika. Mojawapo inataka kila mzunguko ndani ya programu uwe na kikomo kinachojulikana tangu mwanzo. Ukijifunga hivyo, unapoteza uhuru kidogo, lakini swali la kusimama linakuwa na jibu.

Upo mpaka mwingine, nitaupitia haraka. Kuna maswali yenye majibu, ila kuyafikia kwa kujaribu moja moja kunamaliza umri. Mwuza vitabu anayetaka kuzungukia miji 20 ana mipangilio 2,432,902,008,176,640,000 ya safari. Kompyuta inayopima mipangilio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka 77. Ziko njia za werevu za kupunguza kazi hiyo, lakini je, maswali ya jamii hii yote yana njia ya mkato kweli? Stephen Cook aliliweka suala hilo wazi mwaka 1971. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani ikaliwekea zawadi ya dola 1,000,000, na fedha hizo bado zinamsubiri mwenyewe.

Turing hakuishi kuyaona haya yote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Bletchley Park, Uingereza, akivunja maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani. Mwaka 1952 serikali aliyoitumikia ilimtia hatiani kwa uhusiano wake na mwanamume mwenzake. Alifariki mwaka 1954 akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulikuja 2013, na tangu 2021 sura yake imo kwenye noti ya pauni 50. Ni kuchelewa kwa aibu, na sioni haja ya kulipamba.

Turudi kwenye mahindi, maana kuna mchezo uliobaki. Mwaka 1962 mwanahisabati Tibor Radó aliuliza: kati ya mashine zote za kadi mbili zinazoanza na miraba mitupu na hatimaye kusimama, ipi inakwenda hatua nyingi zaidi? Mashine zote za kadi mbili, zinazosimama na zisizosimama, ni 20,736, na bingwa wao ni huyo mliyemwendesha, hatua 6. Kwa kadi tatu mashine ni 16,777,216, na bingwa anasimama baada ya hatua 21. Kwa kadi nne ni hatua 107. Kwa kadi tano, Heiner Marxen na Jürgen Buntrock waligundua mwaka 1989 mashine inayosimama baada ya hatua 47,176,870. Ila kugundua mashine ndefu ni jambo moja. Kuhakikisha kwamba hakuna ndefu kuliko hiyo ni jingine. Lazima uzipitie mashine trilioni nyingi, na kwa kila isiyosimama uthibitishe kwamba haitasimama.

Hilo lilikamilika mwaka 2024. Walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, waliokutana mtandaoni, wengi wao hawana kazi chuoni wala cheo. Bingwa wa kadi tano ni yuleyule wa 1989.

Mngekuwa na orodha ya mabingwa kwa kila idadi ya kadi, mngekuwa na Mwamuzi mkononi: mngeendesha mashine mpaka hatua za bingwa, na ikipita hapo bila kusimama, mngejua haitasimama milele. Kwa kuwa Mwamuzi hayupo, hakuna programu itakayowaandikia orodha hiyo. Kila kadi inayoongezwa ni vita vipya. Kwa kadi sita tayari wamekwama. Kuna mashine moja waliyoipa jina Antihydra, ambayo hesabu inazozifanya zinafanana na ile ya Collatz, na hakuna anayejua kama itasimama.

Daftari mnalo, mahindi mnayo. Andikeni kadi tatu mtafute bingwa wenyewe. Mkipata mashine iliyosimama baada ya hatua 22, hesabuni upya: mmekosea mahali.